Ubao Uliohukumiwa Ghorofani

Katika nchi ya Ghorofani hakuna nyumba iliyokwisha. Niliambiwa hivyo kabla sijaingia, nikadhani ni masihara. Nilipofika nikakuta ni sheria. Kila paa lina nondo zilizochomoza kuelekea mawinguni, kwa sababu mwenye nyumba akiziba juu huhesabiwa kuwa amekata tamaa, na aliyekata tamaa hapigi kura. Basi wanaongeza. Ghorofa juu ya ghorofa, chumba juu ya chumba, nyundo zinagonga tangu alfajiri mpaka giza liingie. Watu hawatulii. Hata salamu yao ni ya mwendo. Mmoja anauliza, "Umefika wapi?" na mwenziwe anajibu bila kusimama, "Bado napanda."

Mimi kazi yangu ni kuandika desturi za nchi za watu, na nimezoea kukaa kitako, kuuliza na kusikiliza. Ghorofani nilishindwa kukaa. Siku za mwanzo nilijikuta natembea tu mitaani, shingo nimeirudisha nyuma, nikiangalia kisije kitu kikanidondokea. Nikiketi, mguu wangu ulikuwa unachezacheza wenyewe kufuata nyundo.

Nilipanga chumba cha chini kabisa, ambacho wenyeji hawakitaki, katika nyumba ya dada mmoja aitwaye Siwatu. Alikuwa mama lishe. Alipika maharage na wali kwenye kibanda kando ya Mnara wa Baraza, jengo refu kuliko yote ya nchi ile, na mafundi wa mnara ndio waliokuwa wateja wake. Mwanamke mrefu, mwepesi wa mikono, ambaye sikuwahi kumwona akiongea bila kufanya kazi nyingine wakati huohuo. Aliishi na mdogo wake, Shaweji, fundi muashi kwenye mnara uleule. Shaweji alikuwa mtu wa kupiga mluzi na kucheka.

"Dada," alisema siku moja nikiwa nazunguka ua kwa mara nyingine, "huyu mgeni wako anatembea kama anayetafuta choo."

"Mwache," Siwatu akajibu huku anachagua mchele. "Hajazoea. Sisi wenyewe tumezoea nini?"

Nikataka kuuona mnara. Nikapelekwa kwa mkandarasi, Bwana Lufingo, mtu mpole wa sauti ya chini, mwenye kucha safi. Alinipokea langoni kwa heshima kubwa. Watumishi wake walinivisha kofia ngumu, viatu vyenye chuma puani, glovu nene, na mkanda wa kiunoni wenye ndoano. Kisha tukapanda. Kule juu upepo ulikuwa unavuma kwa nguvu, na majukwaa ya mbao yalikuwa yamefungwa kwa kamba nje ya ukuta, hayana hata kizuizi cha kushika. Nikamwona Shaweji anapanga matofali. Kichwani alikuwa amejifunga kitambaa, miguuni amevaa ndala.

Alinitazama nilivyovaa, akaangua kicheko. "Mgeni, unakwenda vitani?"

Nilimgeukia mkandarasi. "Mbona mimi nimevalishwa na yeye hakuvalishwa?"

Bwana Lufingo hakuona ubaya wa swali. Alinijibu kama mwalimu anayependa somo lake.

"Wewe ni mgeni. Ukipatwa na jambo, nchi yenu itauliza 'nani?' Yeye akipatwa na jambo, nchi yetu itauliza 'nini?' Kofia ni za kuzuia 'nani?'"

Tulipokuwa tunashuka akanieleza vizuri. Zamani, mtu akianguka kazini, ndugu zake walitafuta wa kumlaumu. Fundi alimlaumu nyapara, nyapara akamlaumu mkandarasi, mkandarasi akalilaumu Baraza, na Baraza likalaumiwa na watu wote. Watu waligombana misibani. Ujenzi ulisimama. Ndipo Baraza likapitisha sheria kwamba mtu hasababishi. Kitu ndicho husababisha. Ngazi ikiteleza, ngazi inakamatwa. Kamba ikikatika, kamba inashtakiwa. Na ili sheria ile isichezewe, ikafuatiwa na nyingine, Sheria ya Kauli, inayokataza kusema habari za ajali kwa kumtaja mtendaji. Ghorofani mtu haruhusiwi kusema jengo limebomolewa au kamba imekatwa. Atasema limebomoka, imekatika.

"Tangu hapo," Bwana Lufingo alisema, akinivua kofia kwa mikono yake mwenyewe, "tunaishi kwa amani."

Haikupita muda mrefu. Ilikuwa asubuhi jua limeshakolea, nami nilikuwa kibandani namsaidia Siwatu kuosha sahani, kwa sababu kuosha sahani kulinipunguzia wasiwasi. Upande mmoja wa mnara nyundo zikanyamaza. Siwatu aliinua kichwa kabla sijajua kuna nini. Kisha tukasikia kishindo, si kikubwa, kama gunia la saruji linalotupwa chini, halafu watu wakaanza kupiga kelele.

Shaweji alikuwa amelala kwenye lundo la mchanga, nusu mwili juu ya mchanga na nusu juu ya kokoto. Macho yalikuwa wazi. Ndala moja ilikuwa mguuni bado. Siwatu alipiga magoti, akamshika uso.

"Shaweji. Shaweji, nitazame."

"Dada," alisema polepole, "siisikii miguu."

Kabla machela haijafika, walifika askari wawili. Walikuja mbio, na mimi nilishukuru nikidhani wamekuja kusaidia. Walituruka. Walikwenda moja kwa moja penye vipande viwili vya ubao uliovunjika, wakavifunga kamba, na mmoja akaanza kuusomea ubao haki zake. Alisoma kwa sauti nzuri, bila haraka. Machela haikuja. Mafundi waling'oa mlango wa stoo wakambeba Shaweji juu yake.

Nyapara wa zamu alikuwa Dihenga, mtu mzima mwenye mabega mapana, ambaye kila siku alikula kibandani kwa Siwatu. Alikuwa ameshuka, amesimama kando, anajifuta mikono kwenye suruali ingawa mikono haikuwa na kitu. Siwatu alimkabili.

"Kaka Dihenga. Nani alimwambia apande pale?"

"Dada, ubao ulivunjika."

"Sijakuuliza habari za ubao."

"Ulivunjika, dada," alirudia, akaangalia chini.

Hospitalini daktari alisema uti wa mgongo umeumia, na kwamba Shaweji ataishi lakini hatatembea. Siwatu hakulia mbele yetu. Alimrudisha nyumbani, akamlaza chumba cha mbele penye dirisha, na kesho yake akawasha moto kibandani kama kawaida, kwa sababu walikuwa wawili wa kula na mmoja tu wa kupika. Lakini nilimwona kila akimpakulia mtu anamtazama usoni, anasubiri. Nilimuuliza anasubiri nini.

"Mtu mmoja tu," alisema. "Aje aseme ni mimi. Simtaki afungwe. Simtaki alipe. Aje tu nimwone uso."

Kesi ya ubao ilisikilizwa mbele ya Hakimu Bi Mashavu, mama mzee mwenye sauti iliyochoka, ambaye nilisikia akisifiwa kwamba hajawahi kupokea rushwa, nami naamini. Ubao ulilazwa kizimbani vipande vyote viwili. Ulikuwa na wakili. Mwendesha mashtaka aliuliza kama unakiri au unakana, akangoja kwa adabu, na ukimya wake ukachukuliwa kuwa jeuri. Kisha wanasheria wakabishana asubuhi yote. Wakili alidai kwamba mchwa washtakiwe pamoja na mteja wake. Upande wa pili ukasema mchwa ni viumbe hai, na viumbe hai wakianza kushtakiwa hakuna ajuaye mlango huo utafungwa wapi. Ukumbi mzima uliguna kwa hofu. Msumari mmoja, uliokuwa umeshikiliwa kwa kushirikiana na ubao, ukaachiwa kwa dhamana.

Siwatu akaitwa shahidi. Pembeni ya hakimu alikaa afisa mwembamba aitwaye Mrekebisha Kauli, mbele yake kengele ndogo ya shaba.

"Eleza ulichokiona," mwendesha mashtaka akasema.

"Mdogo wangu aliangushwa..."

Kengele ikalia. "Alianguka," Mrekebisha Kauli akasema.

"Aliangushwa."

Kengele ikalia tena.

Bi Mashavu akainama mbele. "Mwanangu," alisema kwa upole, "sema alianguka, tuendelee. Kuna kesi ya ndoo inasubiri."

Siwatu alishika kizimba kwa mikono yote miwili. "Alianguka," akasema, na nilimwona anameza mate kama mtu aliyetafuna kitu kichungu.

Ubao ukahukumiwa kifungo kirefu pamoja na kazi ngumu. Watu walipiga makofi. Bwana Lufingo alikuja akampa Siwatu mkono, akamwambia pole sana, haki imepatikana. Alisema kwa moyo wake wote. Siwatu alipotoka nje alifuta kiganja kwenye kanga.

Nikaomba kibali cha kutembelea Gereza la Vitu. Sikuwa na sababu ya maana. Nilikuwa siwezi kulala vizuri wala kukaa kwenye chumba changu, ambamo kupitia ukutani nilimsikia Shaweji akijaribu kupiga mluzi na kuachia njiani. Bwana jela aliitwa Pongwa, mzee mwenye tumbo na tabasamu, anayewapenda wafungwa wake kuliko nilivyowahi kuona bwana jela yeyote akipenda watu. Alinionyesha ngazi zilizopakwa mafuta zisikauke. Alinionyesha kamba zilizoanikwa, na toroli moja la matofali lenye kifungo cha maisha, ambalo alilisalimia kwa jina. Alinionyesha pia zahanati.

"Wanakuja wameumia," alisema. "Yule ubao wa mnara alikuja vipande viwili. Tulimuunga kwa bati na misumari, tukampaka mstari mwekundu wa mfungwa. Amepona kabisa."

Nilifikiria chumba cha mbele chenye dirisha. Nikamuuliza ubao uko seli gani.

"Hayupo sasa. Yuko kazini."

Nilitazama seli za mbao. Zilikuwa tupu, moja baada ya nyingine. "Wote wako kazini?"

"Wote. Wamehukumiwa kazi ngumu, mgeni wangu. Na kazi ngumu kuliko zote nchini iko wapi?" Alielekeza kidole dirishani, na sikuwa na haja ya kugeuka kujua anaelekeza wapi. "Mkandarasi huwachukua kila asubuhi. Mbao mpya ni ghali, na hawa wanahitaji kurekebishika. Yule wa juzi amepewa juu kabisa."

Alikuwa anajivuna. Hakuna hata chembe ya hila usoni mwake. Nilimuaga, nikatoka natembea haraka, halafu nikajikuta nakimbia, mtu mzima na miwani yangu.

Njiani nilijiuliza kama ni halali mgeni kupeleka habari ya namna ile. Mgeni huondoka, wenyeji hubaki na matokeo. Nilipofika kibandani nilikuwa bado sijaamua, lakini Siwatu aliniona uso.

"Sema."

Nikamwambia. Alikuwa anakata vitunguu. Alimaliza kitunguu alichokishika, akaweka kisu, akauzima moto wa jiko kwa maji, akaanza kutembea kuelekea mnara. Nilimfuata. Langoni watumishi walinikimbilia na kofia, nikapita. Siwatu hakuna aliyemzuia, kwa sababu hakuna aliyefikiria kwamba mama lishe anaweza kupanda.

Alipanda bila kupumzika. Mimi nilipumzika mara nyingi. Nilipofika juu alikuwa ameshasimama mbele ya jukwaa la mwisho, upepo unamvuta kanga, na mbele yake fundi mmoja kijana alikuwa amesimama juu ya ubao wenye mstari mwekundu na kiraka cha bati katikati. Kila fundi alipohama mguu, bati lilikuwa linatoa mlio.

"Mwanangu," Siwatu alisema taratibu, "njoo huku kwangu. Njoo tu. Mwiko uache."

Kijana alimtazama, akatazama miguu yake, akaja. Siwatu aliukata ubao kamba kwa kisu cha fundi mwingine aliyekuwa anakula, akauvuta, akaushusha ngazi baada ya ngazi ukigonga kila kona. Mafundi walisimama kupisha. Dihenga alikuwa ghorofa ya kati. Naye akapisha. Chini, kibandani, Siwatu alichukua shoka, akaupasua ubao vipande vipande, akavisukuma jikoni chini ya sufuria ya maharage. Mchana ule mafundi walikula chakula kilichopikwa kwa kuni zile, na walikula kimya.

Askari walipokuja kumkamata alikuwa anakosha sufuria. Shtaka lilikuwa kubwa: kutorosha mfungwa na kumteketeza.

Basi nikarudi mahakamani mara ya pili. Ukumbi ulijaa mpaka nje. Mafundi wa mnara waliomba ruhusa, walionyimwa wakaja hivyohivyo. Shaweji alibebwa akawekwa karibu na mlango.

Mwendesha mashtaka alisimama, safari hii ameshika kola ya joho.

"Mheshimiwa, mtu huyu alipanda. Mtu huyu alikata kamba. Mtu huyu alichukua, akashusha, akapasua, akachoma."

Siwatu hakuwa anamtazama. Alikuwa anaitazama kengele. Nadhani ukumbi mzima ulianza kuitazama kengele.

"Samahani, mheshimiwa," Siwatu akasema. "Naomba nimuulize huyu baba. Mbona leo hugongi?"

Mrekebisha Kauli alipeleka mkono kwenye kengele, akaurudisha.

"Siku ile uligonga," Siwatu aliendelea. Hakupandisha sauti. "Leo mwanasheria naye aseme kamba ilikatika. Ubao ulishuka, ukapasuka, ukaungua. Si ndivyo inavyosemwa?"

Watu walianza kucheka, kicheko kikaishia njiani, kwa sababu Bi Mashavu hakuwa anacheka. Alikuwa amevua miwani.

"Mshtakiwa," alisema, "wewe unasemaje? Ubao uliungua?"

"Hapana, mheshimiwa. Niliuchoma mimi. Kwa mikono hii. Hakunituma mtu."

Mwandishi wa mahakama aliinua kalamu akaomba arudiwe, kwa kuwa neno 'mimi' hakuwahi kuliandika.

Bi Mashavu alifuta miwani yake. Kisha akasema kwamba kumtorosha mfungwa ni kumtoa mikononi mwa mtu aliyekabidhiwa, na mahakama haiwezi kuendelea bila kumjua mtu huyo. Akamwita mkandarasi.

"Bwana Lufingo. Ubao ulikuwa mikononi mwako?"

Bwana Lufingo alisimama. Kwa mara ya kwanza nilimwona akikosa cha kufanya na kucha zake. Alielewa, kama sote tulivyoelewa, kwamba akisema ndiyo, atakuwa ndiye aliyeuweka pale juu.

"Ulikuwa umewekwa, mheshimiwa."

"Na nani?"

"Uliwekeka."

"Dhamana ya ubao ule ilikuwa kwa nani?"

"Dhamana ilikuwepo, mheshimiwa."

"Kwa nani, bwana?"

"Ilikuwepo tu."

Akaitwa Pongwa, akasema kwake ulishatoka. Akaitwa Dihenga. Nyapara alisimama, akamtazama Siwatu, akamtazama Shaweji pale mlangoni. "Niliukuta," akasema. Akakaa.

Bi Mashavu akavaa miwani. "Siwezi kumfunga mtu kwa kuchukua kitu ambacho hakuna mtu aliyekiweka. Mshtakiwa yuko huru." Alisema kama anayeumwa meno, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Ningependa kuandika kwamba nchi ilibadilika siku ile. Baraza lilikutana upesi mno, likajadili kwa jazba, likapitisha kwamba kuanzia sasa mbao zote zitahesabiwa kuwa zimekabidhiwa kwa mnara wenyewe. Wajumbe walipongezana kwa kuziba ufa. Kengele ya Mrekebisha Kauli ikaongezewa ukubwa.

Lakini mafundi walikuwa ukumbini, na waliyoyasikia hayakuwatoka. Asubuhi iliyofuata walifika chini ya mnara kama siku zote, Dihenga akapiga filimbi, na yule kijana aliyekuwa amesimama juu ya ubao wa mfungwa hakusogea.

"Nyapara," alisema, "nani ananiambia nipande?"

"Kazi imeanza," Dihenga akajibu.

"Nimesikia. Nani ananiambia?"

"Filimbi imelia, bwana! Panda!"

"Taja jina lako, nipande."

Dihenga hakutaja. Kijana akaketi kwenye tofali, na wa pili akaketi, na wengine. Habari ikaenda majengo mengine. Jua lilipofika utosini nyundo zote za Ghorofani zilikuwa zimenyamaza, na watu walitoka nje wakitazamana kwa hofu. Wazee walisema masikio yanawauma. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya nyumba ya Siwatu na kwa mara ya kwanza mguu wangu ukatulia, lakini moyo ulikuwa unadunda kuliko siku zote.

Bwana Lufingo alikuja na ahadi. Kofia zitaletwa, alisema. Vizuizi vitajengwa. Walimuuliza ataleta nani na atajenga nani, akarudi ndani ya gari lake. Siku zikapita. Mafundi wana watoto, na watoto hawali swali. Wachache wakaanza kupanda tena, wakipitia upande wa nyuma wasionekane, kisha wengine. Nyundo moja moja zikarudi. Siwatu alikuwa anazisikia akiwa jikoni, na kila iliporudi moja alikuwa anasonya.

Nilikuwa nafunga mizigo yangu Dihenga alipokuja. Ilikuwa saa za kazi, jua kali. Alisimama mlangoni, akavua viatu, akaingia bila kusubiri kukaribishwa. Alikuwa amekonda. Siwatu alimsogezea kigoda. Dihenga hakukaa. Alipiga magoti kando ya kitanda cha Shaweji.

"Shaweji," alisema. "Ule ubao niliuona una ufa tangu jana yake. Nikasema utavumilia mpaka tumalize mstari. Nilikuamuru mimi. Mimi Dihenga ndiye niliyekuangusha."

Hapakuwa na kengele. Siwatu alikuwa amesimama nyuma yake, mwiko mkononi, na nilimwona anamtazama uso kwa makini sana, kama alivyokuwa ametaka. Sijui aliona nini. Machozi yalimtoka tu, akayaacha.

Shaweji alikuwa anaangalia dari. Nilidhani atatukana. Nilidhani labda atasamehe. Kisha akageuza kichwa kumtazama nyapara wake.

"Sasa hivi nani yuko juu?"

Dihenga alipepesa macho. "Kina Mkude. Na yule kijana, Hozza. Na..."

"Mbao umezikagua leo?"

Dihenga alitikisa kichwa. Shaweji alijaribu kujiinua kwa viwiko, akashindwa, shingo ikamsimama mishipa.

"Unapiga magoti hapa unafanya nini, kaka? Nenda!"

Dihenga aliinuka. Alijigonga mlangoni, akatoka mbio, viatu vyake vikabaki pale kizingitini. Tulimsikia akienda na mtaa, miguu mitupu kwenye kokoto, na kabla hajafika hata kona akaanza kupiga kelele kwa nguvu zake zote, akiwaita mafundi kwa majina yao, mmoja mmoja, na kila baada ya jina akitaja la kwake.

Siwatu alikwenda dirishani. Shaweji alimwomba asogee kidogo, asimzibie. Tukasikiliza. Nyundo moja ilinyamaza, halafu nyingine.